Kokoto za Nyamwamba

Nyundo yangu ina mpini wa tatu sasa.
Wa kwanza ulivunjikia juu ya jiwe la kijivu
lililosimama palipokuwa jiko la mama,
kubwa kuliko jiko lenyewe,
na hakuna aliyeliona likija.
Tulilisikia tu.

Watu wa mbali hudhani mafuriko ni maji.
Hapa Kilembe mafuriko ni mlio:
mawe yanagongana gizani, chini ya mto,
kama mabehewa ya shaba enzi za mgodi,
na sakafu inatetemeka kabla mguu haujalowa.
Baba, aliyefanya kazi ardhini miaka kumi na minane,
aliketi kitandani akasema, "Wamerudi kazini."
Kisha akatuamsha.

Tulipanda mteremko wa kahawa,
Ithungu mgongoni mwangu,
mdogo wangu Masereka akikumbatia redio
kana kwamba redio ndiyo isiyojua kuogelea.
Tukageuka kutazama.
Hapakuwa na cha kutazama.
Giza lilikuwa linatembea.

Mama alirudi kuchukua ufunguo.

Asubuhi mto ulikuwa umehama.
Sisemi kufurika. Kuhama, na virago vyake vyote.
Mkondo wa jana ulikuwa njia ya mchanga
yenye samaki wawili wakitweta,
na sisi tuliojenga upande wa hospitali
tukajikuta upande wa makaburi.

Mpimaji alikuja kutoka Kasese na ramani,
akauliza mpaka wetu uko wapi.
Nikamnyooshea kidole: pale, katikati ya povu,
chini ya lile wimbi linalojirudi,
pana kigingi cha saruji chenye namba.
Aliandika: mto.
Jina letu hakuliandika.

Shuleni tulifundishwa kwamba bonde hili lote
limechongwa na maji.
Nilipenda sentensi ile, nikaipigia mstari kwa rula.
Sikujua kwamba mchongaji hajamaliza,
wala kwamba sisi
ni vumbi la patasi yake.

Huko juu yuko Nzururu, theluji ya babu zetu,
waliyoitaja kwa sauti ya chini.
Siku hizi mawingu yakifunguka
ni weupe kidogo tu, kama chumvi ukingoni mwa sahani.
Wengine wanasema ndiyo sababu.
Wengine wanasema ni miti tuliyoikata,
au mvua tu, imekosa adabu.
Waliokuja na vyombo vya kupimia
walituachia majibu matatu na kofia.

Mimi navunja.
Jiwe kubwa kwanza kwa moto wa matairi, mpaka lipasuke,
kisha nyundo, kisha nyundo ndogo,
kisha vidole vinavyochagua.
Maji yakimwagika hayazoleki, walisema.
Nayazoa kila siku, debe kwa debe,
maana yalipomwagika hapa yaligeuka mawe.
Lori huja Alhamisi.
Dereva anasema kokoto zangu zinakwenda kumwaga zege
la daraja jipya, kule chini,
juu ya mto huu huu.
Basi namuuzia mto mawe yake
ili tumvuke.
Bei haijapanda tangu Pasaka.

Lile la jikoni bado sijaligusa tena.
Masereka anasema lina tripu mbili nzima, tusiwe wajinga.
Ithungu hupanda juu yake baada ya shule,
anaanika sare, anahesabu kwa sauti
mpaka mia, anaruka sabini na nane, anaendelea.
Ubavuni, mahali palipo na ufa,
mtu ameweka chungu kidogo cha maharage ya mbegu.
Namjua ni nani. Baba hajui kwamba namjua.

Mchana mto ni mwembamba, unaimba,
watoto wanauruka kwa mguu mmoja.
Nikiinamia kunawa vumbi
unanipoza viganja kwa upole
kama jirani aliyekopa asilipe.

Usiku wa mvua nalala na viatu miguuni.
Ithungu huuliza kwa nini.
Nasema, baridi, mwanangu.
Ananitazama,
kisha anashuka kitandani, anatafuta vyake.